Somo la Jumanne

Saa moja usiku, juu ya duka la mazulia mjini Hull,
mvua ikikwaruza vioo kama paka aliyefungiwa nje,
Bibi Ormerod aliandika ubaoni neno moja: hasira.
Akalipigia mstari. Akapiga na wa pili.

Tulikuwa wanne siku hiyo. Tewolde wa kiwanda cha kuku,
Loan wa saluni ya kucha, vidole vikinuka asetoni,
mzee Hrachya, fundi saa asiye na saa ya kutengeneza,
na mimi, Zdravka wa Pleven, mtandika vitanda:
natandika kumi na sita, nalipwa kumi.

Mwingereza akikasirika, alisema mwalimu, huona nyekundu.
Tukaandika.
Hugonga dari. Tukaandika.
Huchomoka mpinini kama kichwa cha shoka kilicholegea.
Hapo Hrachya akaguna; baba yake aling'oka jino hivyo hivyo.
Mwingine hupandishwa ukutani. Mwingine huchukuliwa mbuzi wake.
“Mbuzi yupi?” akauliza Tewolde. “Alikuwa naye?”
Hapana, hakuwa na mbuzi.
“Sasa kachukuliwa nini?”
Tukacheka, isipokuwa yeye.
Yeye alikuwa nao, kumi na wanane, na kweli walichukuliwa.

Bibi Ormerod alimfuta mbuzi polepole, kwa kiganja.

Kwetu tunasema: umenipandisha presha.
Basi, imetosha. Hasira yetu hupimwa zahanati,
kwa mkanda wa mkononi.
Yao ina dari, ina kuta,
nyumba nzima,
na mimi bado nimepanga chumba.

Ijumaa Bwana Pickersgill akanipa bahasha. Vitanda kumi, tena.
Nikafungua mdomo.
Nyekundu ilikuja, ila haikuja na kitenzi.
Mbuzi akakatiza mbio kati ya meno yangu,
shoka likaruka, nikabaki na mpini,
nikasema, kwa ufasaha wangu wote:
“Mimi nimegonga dari.”

Akatazama juu.
Na kweli, darini palikuwa na doa la uvujaji, pana kama sinia,
nililomripotia tangu Novemba.
“Pole sana,” akasema. “Umeumia?”
Akaleta barafu iliyofungwa kwa taulo
(taulo niliyoikunja mwenyewe asubuhi),
akatoa daftari la ajali, akaandika: Zdravka. Dari. Kichwa.
Nikatia sahihi. Ningefanyaje?
Nilirudi nyumbani na barafu utosini na hasira yote tumboni.

Jumanne nikawasimulia.
Loan alicheka hadi akalala juu ya meza.
Bibi Ormerod alicheka, akafuta miwani,
halafu akaacha kucheka.
“Umesema vitanda vingapi?”

Akavuta karatasi. Tukaandika barua pamoja, yeye akinong'ona, mimi nikinakili.
Nilingoja dari. Nilingoja moshi wa masikioni.
Barua ilikuwa na mistari mitano, baridi kama shuka la hoteli:
Nimesikitika kidogo kuona kwamba.
“Kidogo?” nikauliza. “Miezi saba?”
“Kidogo,” akasema. “Hapo ndipo tunapochinjia.”

Nikalirudia neno lile kwa mwandiko wangu mzuri.
Nikataka kulipigia mstari.
Akanishika mkono.
“Usipige,” akasema.
“Atalisikia.”