Somo la Kwanza, Chumba Namba Nne

Projekta imekufa kabla ya slaidi ya kwanza.
Basi. Nikafungua mfuko wa salfeti,
nikamwaga mkonge mezani:
mafungu arobaini ya singa, membamba kama misuko,
kila fungu na kikaratasi chake:
daraja la kwanza, la pili, la tatu.

"Mhina, njoo mbele. Leo wewe ndiye mashine."
Mhina wa Barabara ya Kumi na Saba,
suruali bado imebanwa kibanio cha baiskeli,
akaja huku darasa likimpigia vigelegele.

Sharti moja: usijue mkonge ni nini.
Usijue kamba, usijue zulia,
usijue miiba wala jua la Ngomeni.
Unazo namba mbili tu, urefu na weupe.
Kisia.

"La kwanza." Hapana.
"La kwanza." Hapana.
"La… tatu?" Ndiyo.

Mwanakombo ubaoni anahesabu makosa kwa chaki,
na kwa kila kosa Mhina asogeze mizani:
urefu upate neno zaidi, weupe upunguziwe,
kidogo tu,
kama fundi anyooshaye rimu iliyopinda:
spoku hii robo, ile nusu,
azungushe, atazame, arudie.

Kufika fungu la thelathini
anapatia tisa kwa kumi.
Hajui lolote, na anapatia tisa kwa kumi.
Andikeni hilo, nikasema. Yote mawili, mstari mmoja.

Kisha nikachomoa fungu jekundu,
lililotiwa rangi ya kikapu cha harusi.
"La tatu!"
Una hakika?
"Mia kwa mia."
Wakacheka. Nikangoja kicheko kiishe.
Hatukumpa kikaratasi cha *sijui*.

Ndipo Shelukindo, kiti cha nyuma, ambaye hakucheka:
"Mwalimu, hivyo vikaratasi aliviandika nani?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Nikaliacha.

Jana usiku umeme ulikatika Ngamiani.
Mama alikaa mkekani gizani,
miaka ishirini na miwili ya meza ya madaraja
imo bado kwenye ncha za vidole vyake,
na kikohozi cha vumbi la brashi kimo bado kifuani.
Alipapasa, akataja; mimi nikaandika kwa tochi ya simu.
Fungu la kumi na tisa alilirudia mara tatu.
"La kwanza. Ah, weka la pili. Vidole vimechoka."

Kwa hiyo kosa la kumi na tisa,
Mwanakombo, usilifute,
ila usimwandikie Mhina peke yake.

Muda umekwisha. Viti vinakwaruza sakafu,
wanakimbilia baiskeli zao.
Mhina bado yuko mbele, kiganja wazi,
anangoja fungu jingine.

"Kaa chini," nikamwambia.
"Sasa unaruhusiwa kujua."