Kopo la Kahawa

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu karatasi
katika kiwanda cha Kemi, tani baada ya tani,
wala sikuwahi kuona karatasi ikikumbuka kitu.

Jumanne moja, maktabani, kijana Oiva
akatuwekea mezani kopo tupu la kahawa,
ndani limepakwa rangi nyeusi,
na kipande cha bati la soda kilichosuguliwa kwa msasa
hadi kikawa chembamba kama ganda la kitunguu.
Kisha sindano.
“Msichome,” akasema. “Zungusheni polepole,
kama mnamkuna mtoto aliyelala.”
Lenzi hakuna. Betri hakuna.
Mlango wa nuru ni utepe mweusi:
ukiubandua umefungua, ukiubandika umefunga.

Sauna yetu haina dirisha.
Nikapanga beseni tatu kwenye benchi la chini,
nikawasha taa nyekundu ya baiskeli ya Ensio,
na dawa ikanuka siki juu ya harufu ya kuni za zamani.
Ensio, kaka yangu, akanung'unika:
“Wiki ya pili hii naoga jikoni kama paka.”

Picha ya kwanza: nyeusi tii.
Kifuniko kilivuja.
Ya pili: nyeupe pe.
Nilisimama kwenye baridi dakika mbili nzima, nikihesabu,
na utepe sikuubandua.
Ya tatu sitaisema.

Mhasibu hafi na kazi yake. Nikachora safu daftarini:
tarehe, saa, mawingu, sekunde.
Na ya nne ikaja ikielea ndani ya beseni,
kibanda cha kuni, kichwa chini miguu juu,
theluji nyeusi kama masizi,
kivuli cha mlango kikimeremeta.
Nilicheka peke yangu mle gizani.

Jirani Tyyne alikuja kujitafuta pichani.
“Nimepita pale mara mbili na toroli langu!”
Nikamwambia: umepita, ndiyo maana.
Kopo hili halimjui mpita njia,
lamjua mkaaji.
Hakupendezwa. Alikunywa kahawa yangu, akaondoka.

Basi nikamwomba Ensio.
Mwaka wa nne huu mikono yake inatetemeka,
kijiko kinagonga kikombe kabla hajanena neno,
naye picha hataki.
Simu ya mpwa wetu huigandisha ile mikono,
na kila picha husema: mzima huyu, hana neno.
“Naonekana kama mtu anayedanganya,” husema.

Machi, baridi nyuzi tisa chini ya sifuri,
aliketi uani kwenye kiti cha jikoni.
Nikabandua utepe. Nikahesabu kwa sauti hadi arobaini,
sauti ile ya kiwandani.
Yeye akitazama kopo, kopo likimtazama,
nuru ikiingia haba na haba.

Katika beseni kilitangulia kiti.
Kisha koti, vifungo vyake vyote.
Kisha uso, umetulia, mkali kidogo.
Na juu ya magoti, palipokuwa na mikono,
moshi.
Vishungi viwili vya moshi vilivyokataa kushikwa.

Aliitazama chini ya taa nyekundu muda mrefu,
karatasi ikimtetemekea vidoleni, ikidondosha maji.
Nilikuwa nimeshatafuta maneno ya kumpoza.
“Ndiyo,” akasema. “Hii ndiyo.”

Siku ya pili akataka kopo lake.
Sindano akaishika mwenyewe, akafukuza msaada wangu,
na tundu likatoka si duara, refu kama punje ya shayiri.
Oiva angelitupa.
Tumelifunga kwa waya kwenye nguzo ya umeme,
linatazama barafu ya ghuba,
utepe umebanduliwa, hakuna wa kuhesabu.
Jua litapita na kurudi, kila siku juu zaidi kidogo,
mpaka Juni.

Daftarini nimeandika:
Kopo la Ensio. Machi 21. Saa nne asubuhi. Mawingu machache.
Sekunde:
na hapo nimeacha nafasi.