Kioo cha Fundi Saa

Holo alipotimiza miezi tisa, meno mawili chini,
kila alichokishika alikipeleka mahakamani:
mdomo ndio hakimu wake.
Jumamosi ile sikufungua kibanda.
Nilishuka Makoroboi asubuhi na noti ya elfu kumi
niliyoikunja mara nne, kama barua.

"Mwangaluka, fundi! Leo unanunua, hutengenezi?"
Ng'washi alikuwa ametandaza turubai la bluu.
Simu ya waridi inayoimba kwa lugha nisiyoijua.
Bata wa mpira anayenuka mafuta ya taa.
Dubu mwenye macho ya vifungo.
Bastola, na risasi zake za njano ndani ya nailoni.

Nikatoa kioo changu cha kazi,
ule mrija mweusi ninaoubana jichoni.
Nikaifungua lenzi, ukabaki mrija mtupu,
wenye upana wa koo la mtoto, au zaidi kidogo.
Sijui. Nani amewahi kupima koo la mwanawe?
Kipimo hiki nimekiazima kwa woga.

Nikamng'oa dubu jicho moja kwa kucha.
Halikubisha.
Nikalitumbukiza kwenye mrija,
likatokea upande wa pili, likaanguka vumbini,
likanitazama.
"Aisee, umeniharibia dubu!"
Nikamlipa jicho.

Simu nikaigeuza mgongo.
Mlango wa betri hauna skrubu hata moja,
unafunguka kwa pumzi.
Ndani zimelala tatu, zinang'aa kama senti mpya.
Hizo nazifahamu. Ndizo zinazonilisha.
Nimezibadilisha kwenye saa za walimu, za makarani wa meli,
na ya yule mgambo wa Mirongo ambaye hajanilipa mpaka leo.
Najua pia, kwa mama Nyanzobe wa Mabatini,
jinsi moja ilivyolala kooni mwa kijana wake usiku kucha
wakidhani ni mafua,
na picha ya hospitali ilivyoonesha mwezi mweupe,
mviringo, umekaa pasipo mbingu.
Alipona. Anaongea kwa sauti ya mchanga.

Kwenye boksi kulikuwa na uso wa mtoto
uliopigwa mstari mwekundu, sifuri hadi tatu.
Nikamwonesha Ng'washi.
"Huo mchoro tu, fundi. Ndiyo chapa ya kiwanda."

Masalu, kaka yake Holo, ana miaka minane.
Gari lake kalikata mwenyewe kwenye kopo la maziwa,
magurudumu ya kandambili, usukani wa waya mrefu.
Hulishusha kwenye majabali ya Igogo likipiga kelele,
na halijamkata tangu Pasaka.
Nikimnyang'anya, nimemnyang'anya akili.
Ila jioni gari hulala juu ya kabati,
na yeye mwenyewe ndiye dereva wa kulipandisha.

Nilirudi na vikombe vitano vya plastiki vinavyomezana,
kimoja tumboni mwa kingine.
Kile kidogo kabisa hakiingii kwenye mrija wangu
hata kwa rushwa.
Chenji ikawa sato wawili, wembamba kama ahadi.

Holo akavipokea. Akavilamba vyote vitano,
akatoa hukumu, akavitupa.
Kisha akatambaa, mbio kweli,
kuelekea shati langu lililoanguka kutoka msumarini.
Nikamwahi kidole kikiwa mfukoni.
Skrubu mbili, kipande cha kamba ya saa,
na betri ya yule mgambo,
imekufa, lakini bado ina meno.

Sikumwambia mama yake. Namwambia sasa.

Usiku umeme ulikatika.
Nikawasha tochi, nikapiga magoti,
nikateremsha shavu hadi sakafuni
na kukipita chumba kizima kwa kimo cha macho yake.
Chini ya kochi: punje ya karanga, kifungo,
msumari uliopinda,
na kijiwe cha ziwani, cheupe, kilichosuguliwa na maji
mpaka kikawa kama peremende.
Nilikishika muda mrefu.
Nusura nikitie mdomoni.