Kusikiliza Chuma

Masalu alisema: usifyeke, fagia.
Sahani ya mashine ipite juu ya mchanga
kama kiganja juu ya mtoto aliyelala,
karibu, bila kumgusa.
Mimi nikafyeka. Siku tatu nilifyeka
ufuko wa Igombe, kuanzia mwalo wa dagaa
hadi kwenye yale mawe mawili yanayotazamana
kama watu wenye kesi,
na mashine ikapiga kelele ovyo,
kuku aliyeona mwewe.

Hela ya mashine nilikopa kwenye kikundi cha mke wangu.
Nalisema mapema
lisije likafukuliwa na wengine.

Kwanza itambulishe kwa ardhi, alisema, kama mkwe.
Inyanyue, ishushe, inyanyue,
mpaka mchanga mweusi ukubali kunyamaza.
Maana mchanga huu nao una chuma chake,
unapenda kujibu swali usiloulizwa.

Kisha namba kwenye kioo.
Themanini na kitu: sarafu, au shaba.
Hamsini: pete.
Au kishikio cha kopo la bia.
Namba ileile, mlio uleule.
"Hao ni mapacha," alisema Masalu,
"anayewatofautisha ni jembe tu."
Nikachimba. Kishikio.
Nikachimba. Kishikio.
Kizibo cha soda kilichoimba kama harusi.
Risasi ya nyavu. Betri ya redio iliyojitapikia.
Shilingi ya mwaka niliozaliwa,
mkono na mwenge vimebaki kivuli.

Nyanzobe alikuwa kwenye chanja akigeuza dagaa.
"Umepata riba?" akauliza.
Nikampa ile shilingi.
Akaipima kiganjani, akairudisha.

Ndipo Masalu akanionyesha kitufe.
Ukikibonyeza, mashine inakuwa kiziwi kwa chuma.
Kule machimboni Nyarugusu, alisema,
chuma ni umbea, dhahabu ni neno.
Nikakibonyeza.
Ufuko mzima ukanyamaza
kama nyumba ya watu waliogombana usiku.

Asubuhi ya nne nilibadilisha betri
na mashine ikasahau uziwi wake.
Sikujua.
Ziwa lilikuwa limerudi nyuma,
limeacha gugumaji likikaukia kwenye mchanga
na harufu ile ambayo wageni hufunga pua
nasi hatuisikii tena.
Karibu na yale mawe, mkoromo.
Nusu hatua, mkoromo.
Nusu hatua, tena.
Safari hii haikuwa ovyo: ilikwenda kwa vipimo,
kama mtu anayehesabu magunia gizani.
Nikageuka robo, nikafagia kutoka upande wa pili
kama nilivyofundishwa,
maana mlio wa upande mmoja ni ushahidi wa jirani.
Ukakoroma vilevile.
Nikaufuata. Mstari ukapinda taratibu,
ukapinda zaidi, ukakutana na mwenzake
kwenye ncha.

Kila palipokoroma nilichomeka kijiti.
Vijiti sitini na kitu.
Nikapanda jiwe, nikatazama chini.

Mtumbwi.

Mbao zilishaoza, pamba ya kuzibia ilishaoza.
Misumari ilikuwa palepale fundi alipoipigilia,
kila mmoja na zamu yake,
ikishikilia mbao zisizokuwepo.

Masalu akaja, akasikiliza kidogo, akacheka.
"Misumari hiyo. Bonyeza kitufe."
Nyanzobe akaja na beseni kichwani.
Alikuwa anakwenda mwaloni, njia ya mkato ilipita katikati,
lakini akazunguka kwa nyuma,
pale mshika usukani angekaa.
"Ulikuwa wa nani?"
Nikatazama kioo.
Hakuna namba ya hilo.

Jumatatu marejesho ni elfu ishirini.
Nilifukua msumari mmoja tu, ule wa ncha ya mbele,
mwekundu, mnene kwa kutu kama kidole cha mgonjwa.
Nikaurudisha, nikafukia.
Usiku nikalala macho,
sikukumbuka
ulikuwa umeelekea ziwani au nchi kavu.