Hali ya Kuanzia

Saa tisa na robo usiku, Kirumba.
Umeme umerudi baada ya kukatika mara mbili,
feni inazunguka polepole kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo,
nami niko mbele ya faili lenye mistari arobaini,
mstari mmoja tu ndio ulioninyima usingizi.

Seva ni tatu: Ukara, Kome, Maisome.
Lugata ndiye aliyezibatiza,
akasema kisiwa hakiulizwi kama kipo.

Kigawa mzigo kikiamka hakijui kitu.
Hakijapiga hodi kwa yeyote.
Ni mimi wa kukiambia, kabla ya hodi ya kwanza:
wahesabu wote wazima hadi waanguke,
au wahesabu wote wagonjwa hadi waitike.

Wiki jana niliandika: wazima.
Umeme ukarudi, Ukara ikasimama, Maisome ikasimama,
Kome ilikuwa bado inapapasa diski zake gizani,
nacho kikaipa theluthi yake bila kuuliza,
theluthi ya oda za dagaa za alfajiri,
na humo magunia kumi na manane ya Mbula Nkwimba
yaliyotakiwa Kahama kabla ya jua kupanda.
Hayakukataliwa. Yalipokewa na ukimya.
Alikuja mwenyewe ofisini, magamba yangali kwenye kanga.
Hakugomba. Aliweka simu mezani
akauliza, "Huyu aliyeniitikia ni nani?"

Leo naandika: wagonjwa.
Hodi mbili mfululizo, kila moja sekunde tatu,
ndipo mlango ufunguliwe.
Lugata yuko Nyegezi, kwenye simu, sauti nzito ya usingizi:
"Basi kila umeme ukirudi, kwa sekunde sita
hatuna hata seva moja. Soko zima linagonga ukuta."
Namwambia, ukuta hausemi uongo.
Anacheka. "Kamwambie Mbula hivyo hivyo."

Lugha yetu ilishachagua zamani.
Hujambo: swali limekuvua jambo kabla hujajibu.
Sijambo, unasema, na homa iko mgongoni.
Mwangaluka. Mhola.
Nani aliwahi kuitikia salamu kwa kuanza na ugonjwa?
Ugonjwa huja baadaye, chai ikishapoa,
nyuma ya neno "ila".

Saa kumi na mbili kasoro.
Ziwa linaanza kupata rangi ya sufuria.
Nahifadhi. Nazima, nawasha, nahesabu kwa sauti:
sita, Ukara. Sita, Maisome.
Saba, nane, tisa,
kumi na moja, Kome. Kome ndiyo Kome.

Simu tena. Mama, kutoka Igombe,
yuko mchangani anaanika.
"Hujambo, mwanangu?"
Sijambo, mama. Wewe je?
"Sijambo," anasema,
na kikohozi kinazibwa kwa kiganja.

Nangoja sekunde tatu.
Nauliza tena.