Zamu ya Usiku, Wodi ya Mifupa

Nyevu, kabla hujamgusa Bwana Mwachiro
tuhesabu watu. Wanne.
Watatu hawatoshi, hata kama wa nne yuko chai.
Mgongo huu uliangukiwa na magunia ya mchele pale Kilindini;
sasa kichwa, mabega, kiuno na miguu
vinageuka pamoja, gogo moja.
Kichwa nakishika mimi, kwa hivyo anayehesabu ni mimi.
Nikisema tatu, usiwe na wazo lako.

Kitabu chako cha chuo kinasema: tafuta wekundu.
Kwenye ngozi hii utaungoja mpaka kidonda kichimbike.
Papasa. Kwa mgongo wa kiganja, hapa, juu ya makalio,
kisha visigino. Penye joto ndipo panapolia.

Kitanda cha saba, yule wa bodaboda wa Mtongwe,
usimwambie anadeka.
Amedungwa sindano na bado anauma shuka.
Kinyanyue kidole gumba cha mguu wake, taratibu:
akiruka, plasta imegeuka pingu.
Mwamshe daktari. Na anune. Kununa hakukati mguu.

Ama kifua,
kifua nilifunzwa na Mbeyu, muuza makaa wa Kongowea,
mwaka wangu wa kwanza kazini.
Alikaa wima, viwiko juu ya meza,
mluzi wake ukifika hadi kwenye kabati la dawa.
Saa tisa mluzi ukakoma.
Nikasema alhamdulillahi, amepata usingizi,
nikaendelea kupiga mistari ya chati kwa rula.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Methali hiyo niliiandika darasa la nne, nikapata alama zote.
Sikujua kwamba ni somo la mapafu:
pumzi isiyo na sauti ni pumzi isiyopita.
Kikapu chake kilikaa stoo wiki mbili,
alama za vidole vya masizi kwenye mpini.
Tangu hapo mluzi haunitishi. Huniambia njia ingalipo.

Haya, nifunge mkanda huu nyuma. Kaza.
Ndiyo, pingili ya nne na ya tano,
miaka ishirini na mitatu ya kugeuza watu.
Usicheke, mganga hajigangi.

Wa nne huyo anakuja, ananukia tangawizi.
Vua saa yako. Kunja magoti, mgongo uuache wima.
Bwana Mwachiro, twakugeuza sasa, utatazama dirishani.
Moja.