Simezi

Miaka kumi na tisa naonja kahawa za watu:
kijiko, mfyonzo mmoja wa kelele,
ulimi unazunguka, kisha natema ndooni.
Simezi. Anayemeza halali usiku,
na kikombe cha arobaini kitamdanganya.

Kwa hiyo msinicheke nikisema
Jumamosi nilisimama saa nzima na robo
nyuma ya duka la Shekiondo, Kiusa, hapahapa Moshi,
nikimtazama samaki akila mchanga.

Shekiondo huwaleta kwa basi la usiku kutoka Tanga,
mifuko ya nailoni imevimba hewa,
kila mmoja na bahari yake ya lita mbili.
Maji yetu huku yameshuka mlimani, hayaijui chumvi.
Chumvi naipima mwenyewe, kwa mizani ileile
ninayopimia gramu za kahawa.
Tangi liko sebuleni, palipokuwa kabati la vyombo.
Aikande hajanisamehe lile kabati.

Tena mchanga umeota utando,
kahawia, kama masimbi chini ya kikombe.
Niliupekua kwa uma wa jikoni;
kesho yake utando ulikuwa umerudi, na uma umeliwa na kutu.

Walikuwapo wawili.
Mmoja kichwa cha manjano, mstari wa buluu shavuni,
nadhifu kama anayekwenda kuposa.
Aikande akasema kwenye simu: huyohuyo,
angalau nikifuta kioo nione cha kuonwa.
Wa pili mweupe wa chokaa, madoa ya chungwa yaliyochuja,
pezi la mgongo limechanika.

"Wanakula?"
"Wanakula."
(Kila muuzaji atakwambia wanakula.
Kila gunia limeanikwa juani, halijapata kunyeshewa.)
"Nionyeshe."

Akanyunyiza uduvi.
Wa manjano akabaki palepale, mdomo wazi, mdomo kufumba.
Nikamwona ubavuni: nyuma ya kichwa pamebonyea,
tumbo limegandamana na mgongo.
Wa chokaa hakungoja uduvi ufike chini.
Aliinamisha kichwa, akachota mchanga kinywa tele,
akatafuna kitu nisichokiona,
na mchanga ukachuruzika kwenye matamvua
taratibu, kama unga kwenye chekeche.
Akachota tena.
Mfyonzo, mzunguko, kutema.
Kumbe huyu yuko kazini.

"Mchanga wako una umri gani?" Shekiondo akauliza.
"Miezi minne."
Akapiga mluzi.
"Mchanga unaouona safi, kwake ni sahani tupu.
Itabidi umlishe. Na ufunike tangi kwa wavu,
maana huyu huruka; nimewaokota sakafuni
wameshakuwa ng'onda."

Nililipa bila kushindana bei,
jambo ambalo mama, angekuwa hai, angelikana mbele za watu.

Nikageuka mara moja tu.
Wa manjano alikuwa palepale.
Nilimwacha kwa sababu ana njaa, basi, hakuna sababu nyingine,
nikamkumbuka Ndewirwa wa Uru, mwaka ule wa mvua mbaya,
alivyoisoma karatasi yangu ya daraja
mara mbili, kofia mkononi, akasema asante.

Nyumbani mchekechaji alijifukia.
Siku ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu Aikande akauliza kwa upole wenye miba
kama tumenunua samaki au tumenunua shimo.
Umeme ukakatika saa mbili, nikapuliza hewa kwa pampu ya betri
huku Nderingo akinimulikia, anasinzia.

Asubuhi ya nne tumbawe alipendalo mke wangu
lilikuwa limefunikwa mchanga mabegani.
Na pale pembeni, ukanda mweupe, upana wa kiganja,
umefagiliwa kabisa.
Akatokea. Akanitazama kwa jicho moja, akainama,
akajaza kinywa.

Nilikuwa na chai mdomoni.
Nikameza.